Iacheni Ianguke, Tuisome

Tafakari ya wiki. Somo: Yoshua 7



Wengi wenu mmeshaiona. Unabonyeza kitufe, feni inavuma, nembo ya Windows inatokea, vidoti vinaanza kuzunguka, unavuta kiti ukae. Mara kioo kinakuwa cheusi. Baada ya sekunde chache feni inavuma tena, nembo tena, vidoti tena, giza tena. Ukiiacha itashinda hivyo hadi jioni. Haijafa, maana inawaka. Nzima nayo si nzima, maana haifiki popote. Ukiipeleka mjini utaambiwa hata kabla haijafunguliwa: hii inataka kupigwa Windows. Unatoa hela, kila kilichokuwamo kinafutwa, inarudi nyumbani ina spidi kama mpya, na baada ya muda mfupi imerudia yale yale.

Juma hili nataka tutafakari ugonjwa huo, na sitaomba radhi kwa kuleta bisibisi madhabahuni. Wengi wanaokuja kugonga mlango wa ofisi ya usharika wanaumwa ugonjwa huo huo.

Kuna jambo moja ambalo wenye kompyuta wengi hawalijui. Tangu enzi za Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, mashine hizi zinakuja zikiwa zimepewa amri hii: ukipata hitilafu kubwa usisimame, jiwashe upya. Waliopanga hivyo walikuwa na nia njema. Hitilafu nyingi ni za kupita, na mwenye mashine hana haja ya kutishwa na kioo cha bluu kilichojaa maandishi. Lakini hitilafu ikiwa ya kudumu, amri hiyo njema inageuka kuwa kitanzi. Mashine inapoanguka huwa inataja sababu ya kuanguka kwake. Inaliandika jina la kosa pale kwenye kioo cha bluu, halafu, mara nyingi kabla jicho halijafika mwisho wa mstari, inafuta na kuanza tena. Kwa hiyo habari ile ile ambayo ingekusaidia ndiyo inayofichwa na juhudi ya kuanza upya.

Mafundi wanaojua kazi huanza kwa kuiondoa amri hiyo. Windows 10 na 11 zikishindwa kuwaka mara mbili mfululizo, kwa kawaida huleta ukurasa wa matengenezo. Humo ndani, kwenye chaguo za kina na mipangilio ya kuwasha, namba 9 inazuia mashine kujiwasha upya baada ya kuanguka. Kwenye zile za zamani unagonga F8 kabla nembo haijatokea. Ukishafanya hivyo hujatengeneza kitu. Umeizuia tu isikimbie. Inawaka, inaanguka, na safari hii inabaki imeanguka mbele yako, maandishi yake yakiwa wazi, nawe unaweza kuvaa miwani ukasoma.

Sasa tujitazame. Mtu anaokoka kwenye mkutano wa injili mwezi wa sita. Mwezi wa tisa umekuja mkutano mwingine, anapita mbele tena. Mkesha wa mwaka mpya anaahidi tena, na machozi yake ni ya kweli kila mara. Sina haki ya kuyatilia shaka. Wanandoa wanaletwa kwa wazee wa kanisa baada ya ugomvi mkubwa. Wanaambiwa wasahau yaliyopita, waanze ukurasa mpya. Wanashikana mikono, tunaomba, tunakunywa soda, na katika kikao kizima hakuna aliyeuliza ni nini hasa kilitokea usiku ule. Kwaya inagawanyika, inavunjwa, inaundwa upya kwa jina jingine na sare nyingine, na kitabu cha hesabu kilicholeta ugomvi hakijafunguliwa mpaka leo.

Nasema hili kwa uchungu kidogo: kanisa letu nalo limepangwa lijiwashe upya. Anayeanza tunampigia vigelegele. Anayesema "nimeanguka, na naomba mnisaidie kuelewa kwa nini" hatujui tumfanyie nini. Tunamharakisha asimame, tunamwombea haraka haraka, na kabla hajamaliza kusema tumeshamwambia amesamehewa. Msamaha ni wa kweli. Ila ile habari imeshafutika, na Jumapili chache mbele anarudi pale pale.

Ndiyo sababu nimewapa somo la Yoshua 7. Waisraeli wametoka Yeriko na ushindi mkubwa. Wanapanda kwenda Ai, mji mdogo, na kwa kuwa ni mdogo wanapeleka watu wapatao 3,000 tu. Wanakimbizwa, na 36 wanauawa. Yoshua anararua mavazi yake na kuanguka kifudifudi mbele ya sanduku la Bwana mpaka jioni, yeye na wazee, wametia mavumbi vichwani. Maombi mazito kuliko hayo mnayajua? Sisi tungeyatangaza kuwa mkesha wa usharika mzima.

Mungu anayakatisha. Anamwambia Yoshua ainuke, na anamwuliza analala kifudifudi kwa nini. Nimesoma sura hii tangu chuo cha theolojia, na hapo bado panashtua. Tumezoea kufundisha kwamba jibu la kushindwa ni kuomba zaidi. Hapa Bwana anamtoa mtumishi wake kwenye maombi na kumpeleka kwenye uchunguzi, na uchunguzi wenyewe una utaratibu. Asubuhi yake makabila yanapita yote, linabaki la Yuda. Jamaa za Yuda zinapita, unabaki ukoo wa Zera. Nyumba za Zera zinapita, inabaki ya Zabdi. Ndipo watu wa nyumba hiyo wanapita mmoja mmoja mpaka kwa Akani, mwana wa Karmi. Yuda halikuwa kabila la pembeni wala la kudharauliwa, na halikurukwa kwa ajili ya heshima yake. Ndani ya hema la Akani wanakuta yamefukiwa ardhini vazi zuri la Shinari, shekeli 200 za fedha na kabari ya dhahabu yenye uzito wa shekeli 50.

Mwisho wa Akani mnaujua. Ni mgumu, sitaupamba, na asitokee mtu wa kuufanya kanuni ya nidhamu ya usharika huu. Ninachotaka tukitazame leo ni namna ya kutafuta: kutoka lililo kubwa kwenda dogo, bila kuruka, bila kukisia.

Mwaka huu, msimu wa masika, nilikaa kwenye sebule moja nikaangalia utafutaji wa namna hiyo. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, mama tunayemheshimu mtaani kwake, na kompyuta yake ya mezani ndiyo inayotunza hesabu za umoja wa wanawake. Ilikuwa imepigwa Windows zaidi ya mara moja. Katika kupigwa kwa mara ya kwanza zilipotea picha za mazishi ya mumewe, na kumbe hazikuwa na kosa lolote. Hilo nalo tulione: kuanza upya kwa kufuta kuna gharama. Nawajua watu waliotupa marafiki, wakahama mji, wakabadili dhehebu, na tatizo wakalihamisha pamoja na mizigo yao.

Aliyekuja kuitazama ni binti wa kwaya ya vijana, aliyesomea ufundi huo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hii tena ndiyo imekufa kabisa?"

"Haijafa. Inakufa na kufufuka. Leo tutaiacha ianguke, tuisome."

Kabla ya yote alichomoa diski, akaiunganisha kwenye kompyuta mpakato yake na kunakili kila kilichokuwamo. Uchunguzi kwanza uhakikishe hauongezi hasara. Kisha akachomoa printa, flashi na kila kilichoning'inia nyuma, akabakiza kioo na kibodi. Akatazama kama kitufe cha kuwashia hakijanasa ndani, maana kitufe kilichonasa peke yake kinatosha kuizima mashine kila mara. Akafungua ubavu, akapuliza vumbi kwenye feni ya prosesa; prosesa ikipata joto kupita kiasi hujizima ili isiungue. Akamulika ubao kwa tochi ya simu akitafuta kapasita zilizovimba vichwa. Hakukuwa na hata moja.

Halafu akafanya jambo ambalo ningependa kila mwenye kompyuta alijue. Aliiwasha akagonga Delete mpaka ikafungua ukurasa wa BIOS, ule unaotangulia Windows, akaiacha pale. Tukanywa chai. Mashine ilikaa inawaka mpaka birika likaisha. "Ingekuwa umeme au joto," alisema, "kuna uwezekano mkubwa ingezima hata hapa. Na ingezima hapa, Windows ingesingiziwa tu." Bado hakuwa amepata ugonjwa, ila alishajua pa kutopoteza muda.

Akaizuia isijiwashe upya, akaiacha ianguke. Ikaandika kosa la kumbukumbu. Akaiwasha tena, ikaandika jina jingine kabisa. Ya tatu, jingine. Mwalimu alikata tamaa, lakini binti aliinua macho kwa mara ya kwanza. Mashine inayotaja kosa jipya kila ikianguka humfanya fundi ashuku RAM, kwa sababu kila programu inapita humo na kila moja inaharibikia mahali pake. Kadi zilikuwa mbili. Akazitoa, akazisugua sehemu ile ya rangi ya dhahabu kwa raba ya penseli, akazirudisha. Ikaanguka. Akabakiza moja, ikawaka mpaka mwisho. Akaweka ile nyingine peke yake, ikaanguka. Akaihamishia tundu la pili, ikaanguka. Basi tundu ni zima, mbovu ni kadi.

Ile kadi ilikuwa zawadi. Mtoto wa dada yake mwalimu aliileta kutoka Dar es Salaam siku za Krismasi na kuichomeka mwenyewe, ili mama mkubwa apate mashine yenye kasi. Kwa kuwa ilitoka mkono wa upendo, hakuna aliyewahi kuitazama kwa jicho la kushuku. Jambo la kwanza mwalimu alilosema, akiwa bado ameshika kikombe: "Msimwambie. Atajisikia vibaya."

Hapa ndipo sebule ile inapoachana na Ai. Akani alijua alichokifukia. Mwalimu hakuwa ameficha kitu, na kijana wake hakufanya dhambi kwa kununua kadi dukani. Utafutaji ulikuwa wa namna moja, lakini mwisho wake haukuwa na wa kulaumiwa. Katika maisha ya watu ninaoongea nao, mara nyingi kinachotuangusha ni kitu tulichopokea kwa shukrani: maneno ya mzazi aliyetupenda na kututisha kwa pumzi moja, ahadi tuliyoitoa kwa marehemu, kazi tuliyoiombea kwa kufunga. Ukianza kutafuta huku umeshaamua kwamba kinachotafutwa ni mwovu, utavipita vitu hivi mara mia. (Mimi nilishauri kijana aambiwe, kwa upole. Mwalimu hajaniitikia.)

Nasisitiza hili kwa sababu tuna namna nyingine ya kutafuta, nasi tunaijua. Nyumba ikipata misiba mfululizo, mtaji ukifa, mimba zikitoka, hakosi ndugu wa kunong'ona kwamba waende mahali wakaangaliziwe. Serikali inaziita ramli chonganishi, na chonganishi ni neno la upole. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa panga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyowekwa wekundu na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Ramli huanza na jina la mtu, kisha ikamtafutia sababu. Utafutaji wa haki huanza na lililotokea, ukapita kila mahali kwa zamu, na ukifika kwenye jina, linakuwa la mwisho. Fundi anayesema "ni virusi" kabla hajagusa mashine anapiga ramli. Mchungaji anayesema "ni roho ya kukataliwa" kabla hajasikiliza hata nusu saa, naye vivyo hivyo, japo ameshika Biblia.

Na kuna mahali pa kutofungua. Pawa saplai, lile boksi la chuma linaloingiza umeme, fundi wa nyumbani hubadilisha zima. Halifungui, kwa kuwa hata likichomolewa ukutani hubaki na umeme unaoweza kuua. Wapo wenzetu waliobeba mambo ya namna hiyo: aliyebakwa, aliyeona mauaji, anayesikia sauti usiku. Mzee wa kanisa asijifanye hodari wa kuyafungua sebuleni. Amshike mkono ampeleke hospitali, kwa daktari au mshauri aliyesomea, na aendelee kumtembelea.

Nimalizie na habari ya dunia, maana inahusu kazi ya wiki hii. Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya Marekani inayolinda kompyuta za mashirika, CrowdStrike, ilituma sasisho lenye faili bovu. Kompyuta zilizolipokea zilianguka, zikajiwasha, zikaanguka. Microsoft ilikadiria zilikuwa milioni 8.5. Maelfu ya safari za ndege zilifutwa na hospitali zikaahirisha huduma. Kosa lenyewe liligunduliwa upesi, na baada ya dakika 78 faili zuri lilikuwa limeshawekwa mahali pa lile bovu.

Lakini mashine nyingi zilizokuwa zimeshaanguka hazikuweza kulipokea. Dawa ilikuwa hewani, ipo, ni bure, nazo hazikai macho muda wa kutosha kuipokea. Microsoft ilieleza kwamba baadhi zilipona kwa kuwashwa tena na tena, hata mara 15, zikabahatika kuidaka dawa katikati ya kuanguka kuwili. Kwa hiyo sisemi kwamba kujaribu tena hakumsaidii mtu kabisa. Kwa zilizobaki, ilibidi watu waamke waende. Fundi alikwenda kwenye kila mashine, moja moja, kwenye kaunta za uwanja wa ndege na kwenye meza za wauguzi, akaiwasha kwa hali salama, akafuta faili moja, akaenda kwa inayofuata. Zilizokuwa na diski iliyofungwa kwa ulinzi zilidai ufunguo wa tarakimu 48, ukaandikwa kwa mkono.

Tunahubiri kila Jumapili na vipaza sauti vinasikika mpaka stendi. Injili ipo hewani. Ndani ya eneo la usharika huu wapo watu ambao hawawezi kusimama dakika ishirini za mahubiri bila kuanguka ndani yao, na mahubiri yangu kuwa mazuri zaidi hakutawasaidia. Hao wanahitaji mtu aje.

Kwa hiyo kuanzia Jumanne wazee wa kanisa wanatembelea nyumba ambazo hatujaziona ibadani tangu Pasaka. Nimewaomba waache nyumbani bahasha za ahadi na fomu za michango. Wamekatazwa kumwambia mtu yeyote aanze upya. Watauliza ilianza lini, na ilifika wapi kabla ya kuanguka, kisha watanyamaza wasikilize. Wakiwagongea na siku hiyo hamjisikii kuongea, waambieni tu. Watakunywa chai, wataaga, na Alhamisi watapita tena.